Darubini imenipasua nyusi, na risasi zinaenda kila upande

SWALI: Shikamoo fundi. Mie niko Handeni, nina bunduki ya .375 H&H aliyoniachia marehemu baba, kibali nimeshabadilisha kiko kwa jina langu. Mwaka huu nimenunua darubini ya kulengea nikaifunga mwenyewe juu ya bunduki nyumbani. Siku ya kujaribu, risasi ya kwanza nilipiga nimesimama ikaenda vizuri tu, ya pili nikasema nilale chini nilenge vizuri zaidi, aisee lile chuma likanigonga juu ya jicho damu mpaka kwenye shati, nimeshonwa nyuzi nne. Tangu hapo risasi moja inakwenda kushoto nyingine juu, nimezungusha vile vifundo vya kurekebishia mpaka nimechoka. Mbovu ni darubini au risasi? Na huku kupasuka ndo kawaida ya bunduki kubwa?
Msomaji, Handeni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Ingeshuka kidogo tu saivi tungekuwa tunaongelea jicho. Hapana, kupasuka sio kawaida, na yeyote anayekwambia kovu la nyusi ndo cheti cha mwindaji usimsikilize. Bunduki hiyo usiipige tena mpaka tuimalize hii kazi, na hivyo vifundo viache, maana darubini isiyotulia hairekebishiki, leo unaivuta kulia kesho inahama yenyewe.

Shida zako ni mbili lakini mama yao mmoja, teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma ikilia. Hiyo .375 iko tangu 1912 na imeua nyati wengi, ila ikilia inarudi nyuma kwa mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde, na mwendo huo inaupata kabla hujapepesa jicho. Sasa darubini na nusu kilo yake imekaa zake pale juu inataka kubaki pale pale ilipo, kinachoilazimisha irudi pamoja na bunduki ni ringi, zile pete zinazoibana, na vile viskrubu vya besi, kile chuma kinachofungwa juu ya bunduki kubeba ringi, ambavyo kwenye bunduki nyingi unene wake ni milimita 3 na nusu tu. Kwa ule muda mfupi vinabeba nguvu kama umening'iniza mifuko miwili ya saruji. Umefunga na mafuta, au umekaza upande mmoja ukasahau mwingine, basi risasi mbili tatu tu zinatosha kuilegeza.

Kwa hiyo anza hivi. Toa risasi zote, vua na komeo kabisa, tia kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, uhakikishe, macho peke yake yanadanganya, alafu boksi la risasi lipeleke chumba kingine. Shika darubini uinyonge kwa mkono uone kama inacheza. Angalia pale kwenye mdomo wa ringi, upande wa mbele, ukiona kimstari kinang'aa kwenye ile rangi nyeusi ujue darubini imekuwa ikiteleza kwenda mbele kila ukipiga. Kimstari kile nimekionyesha kwa watu wengi waliokuwa tayari wameshatukana risasi na kununua nyingine za bei mbaya.

Ukikiona fungua kila kitu mpaka besi. Siye watu wa pwani tunapaka mafuta kila mahali kwa sababu ya chumvi ya bahari, na kwa mtutu ni sawa kabisa, ila ndani ya ringi na kwenye matundu ya skrubu mafuta ni adui. Safisha kwa spiriti, acha pakauke. Skrubu za besi tia tone dogo la Loctite ya bluu, ile gundi ya skrubu, nyekundu usiguse maana siku ya kufungua utahitaji kuipasha moto. Skrubu za ringi funga kavu. Kama besi yako ni ya mifereji, sukuma ringi mbele mpaka ile pini yake igote kwenye ukuta wa mbele wa mfereji ndo ukaze, la sivyo teke lenyewe litaisukuma na shabaha itahama. Kaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, nafasi za pande mbili zibaki sawa, na skrubu za ringi nyingi zinataka kama niutoni mita 2 tu, soma karatasi iliyokuja na ringi zako. Anayekaza kwa nguvu zote anabonyeza bomba la darubini, kisha anarudi kulalamika kuwa vifundo havisikii. Ukimaliza chora kimstari cha rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye ringi, kila ukitoka porini unakitazama, kikikatika ujue skrubu imezunguka.

Tundu la skrubu likiwa limeshakufa nyuzi zake au skrubu imekatikia ndani usitoboe mwenyewe. Peleka kwa fundi mwenye leseni, atatanua ziingie skrubu nene za milimita 4 na kitu.

Sasa jicho. Darubini nyingi za kawaida zinataka jicho likae sentimita 8 au 9 nyuma ya lenzi, kwa .375 mie sikubali chini ya 10. Wewe uliipima ukiwa umesimama, ukilala kichwa kinatambaa mbele kwenye kitako cha bunduki bila wewe kujua, na ukilenga mlimani ni hivyo hivyo. Kwa hiyo darubini ikishakaa, bado haina risasi, iweke kwenye ukuzaji wa juu kabisa, lala, kaa, simama, lenga juu, kila mara fumba macho weka shavu alafu fumbua. Uisogeze mbele mpaka mkao ule mbaya kuliko yote uwe na nafasi. Na kitako kibane begani sawasawa, bunduki iliyoshikwa kilegelege inakuja na mwendo wake wote usoni.

SWALI: Fundi, mie ni mlinzi wa shamba Pangani. Usiku nikisikia kitu kwenye migomba natazama kwa darubini ya bunduki nijue ni nguruwe au mtu. Wenzangu wanasema nakosea.
Msomaji, Pangani

JIBU: Wenzako wako sahihi, na nakuomba uache leo hii. Kila unachokitazama kwa darubini hiyo umeshakielekezea mtutu, na huyo anayepita kwenye migomba usiku anaweza kuwa mama anayetoka msibani. Tochi kwanza, sauti kwanza, na kama unataka kuona mbali nunua darubini ya mkononi.

SWALI: Kuna haja ya kubaki na vilengeo vya chuma kama nina darubini nzuri?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ipo, tena kubwa. Kumfuata nyati aliyejeruhiwa kichakani unapiga risasi ukiwa hatua chache tu kutoka kwake, na darubini iliyokuza sana inakuonyesha manyoya meusi basi. Chukua ringi za kufungua kwa mkono bila spana, uwe na vilengeo vilivyojaribiwa, na ukiirudisha darubini mahali pake piga risasi moja kwenye karatasi kabla hujaiamini.