Helmeti, sigara na vyuma: maswali yenu kuhusu kipara

Naendesha bodaboda hapa Morogoro, nina miaka 27. Nywele za mbele zinarudi nyuma pande zote mbili. Kijiweni wananiambia helmeti ndiyo inazimaliza. Niivue?

Usithubutu. Bora kichwa chenye kipara kuliko kichwa kilichopasuka. Unachokieleza kinaanzia chini ya ngozi, helmeti haifiki huko. Mwili hugeuza sehemu ya homoni ya testosteroni kuwa nyingine iitwayo DHT, na kwa mtu aliyerithi hali hii, mashina ya nywele za mbele na za utosini hayaivumilii. Kila unywele unaoanguka, unaofuata huota mwembamba na mfupi zaidi, mpaka zinabaki nywele laini kama malaika za mkononi. Za pembeni na kisogoni huponea, ndiyo maana wazee wengi wana ule ukingo kuzunguka kichwa. Ila fua kitambaa cha ndani cha helmeti, na usiazimane na wenzako ovyo.

Baba yangu ana nywele tele, wajomba wote vipara. Mimi nitaangukia wapi?

Wajomba wana uzito wao, kwa sababu jeni moja kubwa ya jambo hili hutoka kwa mama. Lakini zipo nyingine nyingi, na zinatoka pande zote mbili. Kwa hiyo usianze kuomboleza.

Mume wangu anavuta sigara toka ujana na utosi umeshakuwa mweupe. Akiacha zitarudi?

Dada, hapo nitakukatisha tamaa kidogo. Tafiti nyingi zimekuta wavutaji wana upara zaidi kuliko wasiovuta. Inadhaniwa moshi unabana mishipa midogo ya damu inayolisha mashina na kuyaharibu mashina yenyewe. Lakini shina lililokwisha nyong'onyea halifufuki kwa sababu tu pakiti imetupwa. Aache kwa ajili ya mapafu na moyo. Na kwa kuwa umeutaja utosi: wanaume wenye upara wa sehemu hiyo, hasa ulioanza mapema, wameonekana kuwa na maradhi ya moyo kwa kiasi fulani zaidi ya wenzao. Upara wenyewe hauumizi moyo, lakini kwa mvutaji ni sababu tosha ya kwenda kupima presha na sukari mwezi huu.

Nanyanyua vyuma na natumia kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu za mazoezi. Kuna jamaa pale jimu anatuuzia sindano za kujaza misuli. Kipi kati ya hivi kinaondoa nywele?

Vyuma, hapana. Kreatini ilipata jina baya kutokana na utafiti mdogo wa mwaka 2009 kwa wachezaji wa raga Afrika Kusini: DHT yao ilipanda, lakini nywele zao hazikukaguliwa. Sindano ndizo za kukimbia. Nyingi ya hizo ni testosteroni au ndugu zake, na kwa mwenye jeni za upara ni kumwaga petroli kwenye moto. Mwaka 1942 mwanasayansi Mmarekani James Hamilton alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota vipara, lakini walipopewa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo walianza kupoteza nywele. Ongeza hapo korodani kusinyaa na mbegu kupungua. Huyo jamaa anayekuuzia hatakuwepo siku unatafuta mtoto.

(Waliouliza kuhusu punyeto, nanyi ni wengi: hapana, haileti kipara.)

Nilijinyima kula nikapungua kilo nyingi haraka. Sasa nikichana, chanuo linajaa. Ndiyo upara huu?

Huenda sio. Mwili ukipata mshtuko, iwe njaa, homa kali, upasuaji au msiba, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha huanguka miezi miwili au mitatu baadaye. Zinapungua kichwa kizima, wakati upara wa kurithi huchagua mbele na utosini. Rudisha maharage, mayai, dagaa na mboga za majani, subiri miezi sita hivi. Zikiendelea kuanguka, kapime damu na tezi ya shingo.

Maji ya kitunguu au minoksidili, ile dawa ya kuotesha nywele?

Kitunguu kiache jikoni. Minoksidili ya kupaka inasaidia wengi, lakini wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi, na matokeo hayaonekani kabla ya miezi minne hivi. Ukiacha, ulichokipata kinapotea. Vidonge vya finasteridi vinazuia DHT, ila baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, kwa hiyo viandikwe na daktari. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Piga picha ya utosi mahali penye mwanga uleule kila baada ya miezi mitatu, maana kioo cha kila asubuhi kinadanganya. Na kama gharama hizi huziwezi, kinyozi anaondoa zote kwa dakika kumi.