Tapeti zinazogonga na tapeti zilizonyamaza: maswali yenu kwa fundi

Mwezi huu meseji karibu zote ni za juu ya injini, tik tik tik, au gari kukosa nguvu. Nimechukua tatu, ukizisoma utaona zinafanana ila kila moja ina jibu lake.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Honda Fit ya 2005, ile ya 1.3 yenye plagi nane. Nikiwasha asubuhi kuna tik tik tik juu ya injini, nikikanyaga mafuta na yenyewe inaongeza kasi. Fundi mmoja kaniambia injini imechoka nitafute ingine, mwingine kasema ni tapeti tu na ananihakikishia atazikaza mpaka mlio uishe kabisa. Mi ni mwalimu, likizo inakuja, nina boksi la spana na muda. Naweza kuset mwenyewe nyumbani? (Mwalimu, Mbeya)

JIBU: Marahaba mwalimu. Unaweza, na kati ya hao mafundi wawili mi ningemkimbia huyo wa pili kuliko wa kwanza. Wa kwanza atakumalizia hela, wa pili atakuulia injini huku unamshukuru.

Iko hivi. Roka, kale kamkono ka chuma juu ya injini, inaisukuma valvu, mlango wa kuingiza hewa au kutoa moshi kwenye silinda, ifunguke. Kati ya roka na ncha ya mkia wa valvu lazima kibaki kigepu kidogo injini ikiwa ya baridi, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka. Kuset tapeti ni kuset kigepu hicho. Gepu likiwa kubwa roka inapiga valvu badala ya kuisukuma, ndo hiyo tik tik unayoisikia. Inakera, na ukiiacha muda mrefu vyuma vinalika, ila gari linaendelea kukupeleka shule. Sasa gepu likiisha, valvu ikirefuka kwa joto haikai tena kwenye siti yake, ile pete inayolalia ikifunga, inabaki imeachama kidogo. Na valvu ya ekzosi inapoa kwa kulala kwenye siti, joto lake kubwa linatokea hapo kwenda kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Isipolala haipoi, na moto unapita pembeni yake kila mlipuko. Hapo hakuna kelele yoyote, injini inaimba vizuri tu.

Nakwambia hivi maana nishafanya. Nikiwa bado kijana gereji, mteja alikuja na Honda inagonga, akataka kimya, nikampa kimya, nikaminya tapeti za ekzosi mpaka injini ikatulia kama feni na mteja akaniachia na hela ya soda. Hakukaa sana akarudi gari linatetemeka kama lina homa. Tulipofungua hedi valvu ya ekzosi ya silinda namba tatu ilikuwa imeng'atwa ukingoni kipande kama biskuti aliyoionja mtoto. Ile valvu niliiweka kwenye droo ya spana miaka mingi, nikiona kijana anaminya tapeti kwa sikio namtolea.

Kwa hiyo hatuset kwa sikio, tunaset kwa filageji, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia gepu. Kwenye injini yako valvu ya hewa inataka 0.15 mpaka 0.19 mm, ya ekzosi 0.26 mpaka 0.30 mm, injini ikiwa ya baridi, chini ya nyuzi 38. Laza gari usiku kucha ufanye asubuhi, kwa Mbeya hiyo si shida, sisi wa Dar ndo kuna siku kivuli chenyewe kinakaribia huko. Sasa filageji nyingi za dukani hazina jani la 0.17 wala 0.28, yaani katikati ya vipimo hivyo. Pandanisha majani mawili, 0.10 na 0.07, alafu 0.20 na 0.08, yafute oili kwanza. Kama imeandikwa kwa inchi, jani la .007 ni kama 0.18 mm na la .011 ni kama 0.28 mm, yanakufaa kabisa. Ila soma vizuri, watu wanachanganya milimita na inchi alafu wanalaumu gari.

Toa waipa na bati lake la chini upate nafasi, maana koili nne za nyuma zimejificha huko. (Na ukifika hapo badilisha plagi za nyuma, mafundi wengi wanabadilisha nne za mbele wanakuandikia nane, nishakuta za nyuma zimeota kutu kabisa.) Soketi za koili zitoe taratibu, plastiki ya zamani inavunjika kama kaukau. Chomoa plagi za mbele zote nne, moja kila silinda inatosha upepo utoke, hapo kranki, shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni, inazunguka bila kushindana na wewe. Ziba matundu kwa kitambaa kisafi. Nati ikidumbukia mle ndani likizo imeisha. Alafu fungua tapeti kava, mfuniko wa juu ya injini.

Kuzungusha injini, toa tairi la mbele kulia na plastiki ya ndani, utaona bolti ya puli ya kranki, soketi namba 19. Weka stendi, usiamini jeki. Zungusha kufuata mshale wa saa, siku zote huko huko, usirudi nyuma. Angalia juu giya ya kamshafti, shafti inayosukuma roka, ina neno UP, likiwa juu na vialama vya pembeni vimelingana na uso wa hedi basi pistoni ya silinda namba moja, ile ya upande wa cheni, iko juu kabisa na valvu zake zote zimefunga. Hakikisha kwa kidole: tikisa roka zake zote mbili, zinacheza kidogo. Kama moja imekaza kama imesimikwa, ama hujafika, ama ndo ugonjwa wenyewe.

Sasa pitisha jani kati ya skrubu ya roka na ncha ya mkia wa valvu. Linatakiwa lipite kwa kusugua, kama unavuta noti iliyobanwa chini ya kitabu. Likipita kama halijagusa kitu ni kubwa, likigoma ni dogo. Ya hewa ni ile ya upande wa manifodi ya hewa, ya ekzosi upande wa bomba la moshi, usizichanganye. Legeza nati kwa ringi spana namba 10, shika skrubu kwa bisibisi, zungusha kidogo sana, hata robo ya mzunguko ni nyingi. Hapa ndo wengi wanapokosea: ukikaza nati inaivuta skrubu nayo kidogo, kwa hiyo ile uliyoset vizuri inakuwa imebana tayari. Shikilia bisibisi isitembee wakati unakaza, alafu ingiza jani tena baada ya kukaza. Kipimo cha kweli ni hicho cha mwisho. Mi silinda ya kwanza huwa naifanya mara tatu nne mpaka mkono ukumbuke, zinazofuata zinaenda zenyewe. Nati usiivunje, ni 14 Nm tu, mkono wa kawaida na spana fupi.

Ukimaliza ya kwanza zungusha kranki nusu mzunguko unakuja namba tatu, nusu tena namba nne, nusu tena namba mbili. Alafu zungusha mizunguko miwili mizima upime zote nane upya bila kugusa kitu, utashangaa moja au mbili zimekudanganya. Gasketi ya kava ikiwa ngumu kama plastiki nunua mpya, bolti kaza kidogo kidogo ukizunguka zote.

Ukiwasha utasikia bado kamlio kembamba. Kaache. Na injekta, zile zinazopuliza petroli, nazo zinatiktika, ukitaka kujua nani ni nani chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injekta na mpini sikioni, angalia tu shati na feni na mikanda.

SWALI: Mambo vipi fundi. Nina IST ya 1.5, naendesha teksi mtandao, niliweka gesi mwaka jana. Mwanzoni raha, sasa asubuhi inawaka kwa shida hata ikiwa kwenye petroli, ikisimama foleni inatetemeka, ikichanganya inakaa sawa. Mlio hakuna kabisa, tena ni kama imekuwa kimya kuliko zamani. Tumepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), silinda tatu zinacheza kwenye 190, moja iko 120. Wananiambia ni ringi za pistoni. (Dereva, Mbezi)

JIBU: Poa kaka. "Imekuwa kimya kuliko zamani", hapo umenijibia swali lako mwenyewe. Kabla hujamruhusu mtu afungue pistoni, mwaga oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi ya hiyo silinda upime tena. Ikipanda sana tuongelee ringi. Ikibaki pale pale, ni valvu.

Gesi yetu hii ya Songo Songo ni nzuri na mfukoni inasaidia, sisemi uitoe. Ila inaingia kavu. Petroli inaingia na unyevu wake, inapooza na kulainisha siti kidogo, gesi haina hiyo. Siti isiyo ngumu ya kutosha inalika taratibu na valvu inazama ndani ya hedi. Ikizama kwa chini, mkia wake unapanda kwa juu, gepu linakula mpaka linaisha. Ndo maana kelele imepungua.

Sasa tofauti na Honda ya mwalimu, injini yako ya 1NZ haina skrubu ya kuset. Kamshafti inakaa moja kwa moja juu ya vikombe vinavyofunika mikia ya valvu, na gepu linarekebishwa kwa kubadilisha kikombe uweke chenye unene mwingine, Toyota wanavyo saizi 35, kuanzia 5.06 mpaka 5.74 mm, zinapishana 0.02. Kuvitoa lazima kamshafti zitoke, na cheni ya taimingi iko hapo hapo. Hiyo nyumbani kwa mara ya kwanza mi nakukataza. Kupima fanya mwenyewe, hakuna kinachofunguliwa zaidi ya koili na kava. Zungusha kranki mpaka pua ya kamu, lile nundu la kamshafti, iangalie mbali na kikombe, ingiza jani katikati, andika kwenye karatasi valvu zote 16. Za hewa zinatakiwa 0.15 mpaka 0.25, za ekzosi 0.25 mpaka 0.35.

Ukikuta mfano ekzosi moja iko 0.16 na kikombe chake ni 5.42, unataka irudi 0.30, umepungukiwa 0.14, kwa hiyo unatafuta kikombe cha 5.28. Nenda kwa fundi na karatasi yako. Akikuambia vikombe havina haja, atavisaga kwenye jiwe kidogo, ondoka. Uso wa kile kikombe ni mgumu kwa kupikwa, na mkono haujawahi kusaga kitu kikatoka kimenyooka kwa kipimo cha mia ya milimita. Na kama jani jembamba kabisa haliingii, hapo ni hedi kushuka, kusaga valvu, na siti mpya ngumu zaidi. Uchungu, najua. Ukishatengeneza, gari la gesi lipime kila kilomita 20,000, hivyo ndo ninavyofanya kwa wateja wangu.

SWALI: Fundi, Land Rover 110 ya 300Tdi, nimeset tapeti zote 0.20 kwa hesabu ya tisa kama alivyonifundisha marehemu mzee, bado zinagonga. Hesabu imekosea? (Dereva mstaafu, Karatu)

JIBU: Shikamoo mzee. Hesabu haijakosea na marehemu alikufundisha sawa: valvu ya nane ikiwa imebonyea kabisa unaset ya kwanza, ya sita unaset ya tatu, kila jozi ikijumlishwa ipatikane tisa, na 0.20 ya baridi ndo yenyewe kwa zote. Kinachokudanganya ni roka. Fungua moja uangalie uso unaogusa valvu, nahisi utakuta kishimo kimechimbika. Jani la filageji limenyooka, linalala juu ya kingo za kishimo kama daraja, we unasoma 0.20 kumbe chini kuna zaidi. Badilisha roka zilizochimbika, na kama zimelika kote na shafti yake nayo ina makovu, nunua shafti na roka pamoja. Ukishafunga mpya, set baridi, tembelea wiki moja, alafu rudia kupima mara moja.