Kutoka Busia hadi Busiika

Wiki iliyopita mliuliza: "Ni jambo gani unalipenda kiasi cha kulifungia safari?" Langu ni mbio za pikipiki, zile za motokrosi zinazokimbizwa kwenye udongo. Safari ni ya kutoka Busia mpakani hadi uwanja wa Busiika, wilaya ya Luweero, Uganda. Kwa Boxer yangu ya cc 100 ni zaidi ya kilomita 200, kwenda tu.

Busia ndiko neno bodaboda lilikoanzia, enzi za vijana wa baiskeli waliovusha watu kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Nimekulia humo, na pikipiki kwangu ni jembe: wiki nzima nabeba abiria, magunia, hata vitanda. Nadhani ndiyo sababu nikifika uwanjani sikai wanapokaa wengi. Wengi husogea kwenye mruko mkubwa, na siwalaumu, maana pikipiki ikipaa hivyo hakuna asiyepiga yowe. Mimi natafuta kona.

Simama karibu na kamba uone. Mtu anakuja mbio amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana pikipiki. Akifika anakaa mbele kabisa, karibu apande tangi, mguu wa ndani ameunyoosha, kiwiko cha nje kimeinuka. Breki ya mbele kaishika kwa kidole kimoja. Macho hayapo kwenye tairi, yameshatangulia kule kona inakoishia. Tairi la nyuma linauma ule ukuta wa udongo uliosukumwa na waliotangulia, linamtoa kama jiwe la manati, na wewe unabaki unatema vumbi jekundu. Yote hayo hayachukui hata sekunde tatu. Mimi ninayejua jinsi tairi la mbele linavyokukimbia kwenye tope la Aprili, ukiwa umebeba mama na mtoto, kona moja kama hiyo inanitosha nauli ya siku.

Wanaofuatilia mchezo huu Uganda wanalijua jina la Blick, baba na mwana waendeshaji, wote Arthur. Siku ambazo hakuna mbio huku natazama za dunia kwenye simu, na huko nako nilikuta jambo hilohilo: Harry Everts wa Ubelgiji alikuwa bingwa wa dunia mara 4, mwanawe Stefan akaja kuchukua mara 10. Stefan alisifika kwa kuendesha amesimama muda mrefu, hata sehemu ambazo wenzake walikuwa wamekaa. Tafuteni video zake za zamani. Anapita kwenye mashimo kana kwamba barabara imewekewa lami kwa ajili yake peke yake.

Halafu kuna hesabu, nayo inanikera wanaoondoka mapema wasiijue. Kwenye ubingwa wa dunia kila daraja la pikipiki lina mbio kuu mbili siku ya mashindano, na alama zinajumlishwa: wa kwanza 25, wa pili 22, wa tatu 20. Mtu anaweza kushika nafasi ya pili mara zote mbili akawa na 44, akampita aliyeshinda mbio moja kisha akaanguka kwenye nyingine. Anayekwenda kutafuta chakula katikati amekosa nusu ya hadithi.

Na msiwaache watoto wanaokimbiza pikipiki za cc 50. Mara ya mwisho nilimwona baba mmoja kapiga magoti nyuma ya pikipiki ya mwanawe, anamfutia miwani kwa upande wa ndani wa shati lake, mkono mwingine umeshika kiti. Mtoto akamwambia kwa Kiganda amwachie. Akamwachia, lakini mkono aliuacha palepale hewani mpaka watoto walipoondoka mbio.

Safari yenyewe naipenda karibu sawa na mbio. Jumamosi asubuhi nakaza cheni, nabadilisha oili, nafunga mpira wa akiba na spana chini ya kiti. Bugiri, Iganga, Jinja, navuka Nile, naingia msitu wa Mabira kwenye baridi ya miti. Usiku nalala kwa dada yangu Mukono, kwani malori ya mpakani gizani si ya kushindana nayo. Jumapili nashika bypass, barabara ya kuzunguka Kampala, toka Bweyogerere hadi Kalerwe, kisha barabara ya Gayaza. Ukishapita Gayaza unaanza kuwatambua wenzako: mtu anakupita, anatazama buti zako na begi ulilofunga nyuma, anapiga honi mara mbili. Hamjuani, ila mnakwenda kumoja.

Jumatatu alfajiri narudi, na Mabira kona ni nyingi. Nashusha gia kabla sijaingia, natazama inakoishia, naacha mkono wa mafuta utulie hadi pikipiki inyooke. Saa nane mchana nipo stendi Busia, na mama anayepanda nyuma na mwanawe hajui hayo nimejifunzia wapi.