Maswali ya Sheria: Muda wa kudai fidia ya uzembe wa hospitali

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali ya rufaa ya mkoa tarehe 17 Machi 2023. Maumivu hayakuisha. Mwezi huu wa Oktoba 2025 picha ya hospitali nyingine imeonyesha kitambaa cha upasuaji kimebaki ndani. Je, nimechelewa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujachelewa, lakini usipoteze hata wiki moja. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya uzembe. Zipo hali ambazo muda huanza baadaye, kwa mfano kama hospitali ilikuficha ukweli kwa udanganyifu. Hilo utalazimika kulithibitisha, kwa hiyo hesabu kuanzia siku ya upasuaji ili uwe salama. Mwisho wako ni 17 Machi 2026.

Kinachowaangusha wengi ni notisi. Hospitali hiyo ni ya Serikali, na Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Notisi ieleze msingi wa madai: tarehe, upasuaji gani, kosa gani, madhara gani, fidia kiasi gani. Ipelekwe kwa wizara husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi na tarehe, maana bila hiyo huna uthibitisho kwamba ulitoa notisi.

Sasa piga hesabu. Notisi ikipokelewa 17 Desemba 2025, siku ya 90 inaangukia 17 Machi 2026 yenyewe, na ukifungua shauri kabla siku hizo hazijaisha litaondolewa mahakamani kwa kuwahi. Usizichukulie siku 90 kuwa nyongeza juu ya miaka mitatu. Peleka notisi mwezi huu huu. Siku zikiisha, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Akiachwa, shauri zima linabatilika. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huu unazigusa pia hospitali za halmashauri. Lipa ada siku ileile unayowasilisha hati ya madai, kusiwe na ubishi kuhusu tarehe.

Wakati notisi inasubiri, omba kwa maandishi nakala ya faili lako, fomu ya kuridhia upasuaji na maelezo ya upasuaji. Tafuta pia ripoti ya daktari bingwa asiyehusika na hospitali hiyo. Picha inaonyesha kitambaa. Bingwa ndiye atakayeeleza kwamba kukiacha ni kinyume cha utaratibu na kwamba ndicho kilichokuumiza.

SWALI: Mwanangu aliumizwa bega akizaliwa hospitali binafsi, mkono haunyanyuki. Sasa ana miaka sita. – Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Haki ya mtoto ipo: muda wake unaanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18. Madai yako mwenyewe ya uzembe, kama gharama ulizolipa, yalikoma baada ya miaka mitatu. Hata hivyo usimsubirishe mtoto. Unaweza kumfungulia shauri leo ukiwa “rafiki wa karibu” wa mtoto, yaani mtu mzima anayemwakilisha mahakamani, na notisi ya siku 90 haihitajiki kwa hospitali binafsi. Ushahidi mkubwa hapa ni patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu. Makaratasi hupotea na wakunga huhama, na miaka 12 ijayo huenda asipatikane wa kueleza kilichotokea leba.

SWALI: Nililalamika Baraza la Madaktari, nikasubiri uamuzi. Miaka mitatu imepita. Hakimu anaweza kuniongezea muda? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Mahakama inaweza kuongeza muda wa rufaa au maombi, lakini si wa kufungua shauri la madai. Baraza la Madaktari Tanganyika linashughulikia nidhamu ya daktari; halikulipi fidia, na malalamiko yako huko hayasimamishi saa ya mahakama. Umebakiwa na mlango mmoja: Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa kisheria. Kwa uzembe ni miezi 18. Andika maombi yenye tarehe zote na sababu ya kuchelewa, ambatisha barua za Baraza, na usifungue shauri kabla ya kupata amri yake.