Nyumba Ndogo, Mikono Mingi: Mtoto Atajitegemea Vipi?

SWALI: Tunaishi watu saba katika vyumba viwili, mama mkwe na wifi yangu wakiwemo. Binti yangu wa miaka mitano bado anavalishwa, anafungwa viatu, hata maji ya kunywa anamiminiwa. Nikimwambia afanye mwenyewe, mkono mwingine unamuwahi. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na watu wazima. Mtoto akiwa amelala, kaeni mkubaliane kazi tatu tu zitakazokuwa zake kabisa, tuseme kuvaa nguo, kufunga viatu na kujimiminia maji. Kila kazi iwe na mtu mzima mmoja wa kuisimamia, wengine wanyamaze. Shangazi akisema anza na shati na bibi akisema anza na sketi, mtoto husimama tu akingoja wamalizane. Bibi mpe usimamizi wa viatu. Kumwambia asiguse kitu humuumiza, na mara nyingi ndiye mwenye subira kuliko nyote.

Viatu vya kamba vifundishwe kutoka mwisho. Wewe fanya hatua zote, yeye avute vitanzi viwili vikaze. Akizoea, mwachie hatua mbili za mwisho, kisha tatu. Hivyo kila mara anayemaliza ni yeye. Anayeanzishwa na fundo la kwanza huchoka kabla hajaona kiatu kimefungwa. Shati lifungwe kuanzia kifungo cha chini, ambako anaona pindo zote mbili na hawezi kuruka tundu. Akikwama, hesabu kimyakimya hadi kumi. Bado? Sema neno moja la kumwelekeza. Mkono wako uje mwisho.

Maji yawe kwenye jagi la nusu lita, lijazwe nusu. Jagi la lita mbili likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo mbili, na likianza kuinama mkono wake hauwezi kulizuia. Weka kitambaa karibu: kufuta yaliyomwagika ni sehemu ya kazi hiyo, wala si adhabu. Nguo zake zitundikwe usawa wa bega lake. Dawa, wembe na sabuni kali vifungiwe kwa kufuli. Kuviweka juu tu hakutoshi, maana mtoto aliyejua kusogeza kigoda atapanda. Maji ya moto asiyaguse kwa umri huu. Yakifika nyuzi 60 za Selsiasi huunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

Yanayoharibu ni mawili. La kwanza ni kurekebisha kazi yake mbele ya macho yake. Sketi ikikaa upande, iache. La pili ni kufundishia asubuhi, watu wakiwa foleni ya bafuni. Fundisha jioni. Mkichelewa, mwambie wazi: “Sasa hivi nakufunga mimi, jioni utafunga wewe.”

SWALI: Kijana wangu wa miaka 12 analala chumba kimoja na wadogo zake wawili. Wakigusa vitu vyake ni vita. Chumba kingine hatuna.

JIBU: Ana haki ya kukasirika. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja faragha yake, katika ibara ya 16. Mpe sanduku lenye kufuli la kuingia chini ya kitanda. Pima kutoka sakafuni hadi ubao wa kitanda, kisha utoe sentimita tatu lisikwame. Funguo moja akae nayo, ya akiba ukae nayo wewe, naye ajue kwamba utaitumia kukiwa na hatari tu. Ukilifungua sanduku kwa udadisi mara moja, atahamishia siri zake mahali usipopajua.

Kitanda chake kizungushie pazia lenye upana mara moja na nusu ya nafasi inayozibwa, lisiache mwanya. Juu bakiza sentimita 30 za kupitisha hewa. Waya ukiwa mrefu hulegea, kwa hiyo weka ndoano katikati, na ncha zisining’inie, zisije zikamnasa mdogo shingoni. Kisha wote mpige hodi kwenye pazia hilo, baba akiwemo.

SWALI: Mdogo wa miaka miwili anataka kufanya kila afanyacho kaka yake.

JIBU: Mpe kipande chake: kubeba vijiko, kutia nguo chafu kapuni. Kaka asifanywe msimamizi wake, la sivyo muda wake wote utaishia kumchunga.