Nyumba ya Mji Mkongwe: Anza na Maji, Rangi Baadaye

Mimi ni mtu wa Mombasa, na nyumba niliyosimamia ukarabati wake iko Unguja, kwa wakwe wa shangazi yangu. Ukitoka kwetu unakuta lugha ni ile ile na kuta za mawe ni zile zile, unasahau kwamba umevuka mpaka. Usisahau. Huko nyumba inaweza kuwa ya wakfu, ya serikali au ya mtu binafsi, na nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Hakikisha hati kwanza. Kisha pata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla fundi hajagusa hata dirisha, maana mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 2000.

Sasa nyumba yenyewe. Nakusihi, usikimbilie plasta. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Ukizipiga saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unazidi kupanda, chumvi inatoka na plasta inadondoka. Katika nyumba hiyo ya Unguja saruji ilikuwa imepigwa zamani hadi usawa wa kiuno, na unyevu ukawa umefika madirishani. Tuliibandua kwa patasi na nyundo, bila mashine, kwa sababu mtikisiko hulegeza mawe. Kisha tukaziacha kuta wazi kaskazi nzima zikauke. Ndugu walinung'unika kwamba pesa zimelala. Sikukubali kuharakisha, na hata leo nisingekubali.

Boriti ndizo zilizonitia hofu zaidi. Katikati ya chumba boriti huonekana nzima, kumbe ncha iliyozama ukutani imeoza. Ichome kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, hasa chini ya bafu la ghorofani, kwa kuwa bomba likivuja ndani ya ukuta hakuna anayeliona. Nunua boriti za mikoko zilizokatwa kwa kibali. Usimwage zege juu ya dari ya boriti. Kuta hazikujengwa kubeba uzito huo. Na usitoe boriti hata moja kabla ya kuegemeza dari kwa nguzo za muda. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wakafa.

Chokaa ipakwe tabaka jembamba juu ya jingine, ukuta ukiwa umeloweshwa, na ifunikwe magunia mabichi jua lisiikaushe upesi. Mtafute mzee aliyeizoea kazi hiyo, umpe vijana wa kujifunza kwake. Mimi napendelea kumlipa kwa siku, maana malipo ya jumla humsukuma fundi kukimbiza kazi.

Weka akiba kwa ajili ya paa. Kila mwaka kabla ya masika, safisha mifereji, na mche wa mtini ukiuona umeota ukingoni mwa ukuta, ung'oe ungali mdogo. Mzizi ukishapenya kati ya mawe, kuutoa ni kubomoa.