Miayo usukani: ni kweli ubongo umekosa hewa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Usiku miayo ikianza nashusha kioo, maana tangu shuleni tumeambiwa ubongo umekosa oksijeni. Tena nikipiga mimi, utingo naye anapiga. Ukweli ni upi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hilo la oksijeni nami nilifundishwa hivyo hivyo, ila lilipopimwa halikusimama. Mwaka 1987 mtafiti Robert Provine na wenzake huko Marekani waliwavutisha wanafunzi wa chuo oksijeni tupu, na wakati mwingine hewa iliyoongezwa hewa ya ukaa. Hewa ya ukaa ilipozidi wanafunzi walihema haraka, lakini miayo haikuongezeka. Oksijeni tupu nayo haikuipunguza. Halafu fikiria mtoto aliye tumboni: ultrasaundi humwonyesha akipiga miayo mimba ikiwa na wiki 12 hivi, naye amezungukwa na maji, hana hewa yoyote ya kuvuta.

Mwayo ukikujia, uchunguze. Taya linashuka, pumzi ndefu inaingia, misuli ya uso na shingo inakaza, macho yanafumba na kukamua machozi, masikio yanaziba kidogo, kisha kila kitu kinalegea. Yote hayo kama sekunde 6. Wapo wanaosema kazi yake ni kuupoza ubongo. Mimi naona wenye hoja nzito zaidi ni wanaosema mwili unajaribu kujizindua uangalifu unaposhuka, ndiyo maana miayo hutujia tukikaribia kulala na tukiamka.

Utingo wako hana kosa. Miayo huambukiza kwa kuona, hata kwa kusikia tu. Sokwe huambukizana, na mbwa huweza kuipata kwa binadamu. Watoto wadogo, chini ya miaka 4 au 5, kwa kawaida haiwashiki.

Sasa kioo, na hapa nakuomba unisikilize sana. Upepo utakuchangamsha dakika chache, lakini deni la usingizi halilipwi kwa upepo wala kwa redio. Miayo ikifuatana, kope zikawa nzito, ukashtuka hukumbuki kilomita chache zilizopita, usijiambie utalala ukishaumaliza mlima Kitonga. Tafuta mahali salama pa kuegesha, lala dakika 20. Ukinywa kahawa, inywe kabla tu ya kulala, kwa sababu huchukua kama nusu saa kufanya kazi, utaamka nayo.

Kama unalala kwa muda wa saa 7 au 8 na bado unashinda ukipiga miayo, kuna jambo. Baadhi ya dawa za sonona huleta miayo mingi, kwa hiyo niandikie unatumia dawa gani. Na muulize utingo, yeye ndiye analala jirani yako: je, unakoroma, kisha pumzi inakatika kimya, halafu unashtuka kama mtu aliyekabwa? Akisema ndiyo, nenda hospitali upimwe kabla ya safari ijayo.